Breki Iliyopona Asubuhi: Historia Fupi ya Kitu, Neno na Pengo Katika Istilahi za Pikipiki

Utangulizi

Wilaya ya Ilemela, upande wa kaskazini wa jiji la Mwanza, ni nchi ya mawe na miteremko. Kutoka Kirumba na Kitangiri penye usawa wa Ziwa, njia hupanda kuelekea Nyamanoro, Kawekamo na Nyasaka, na nyumba zimejengwa juu ya miamba kwa namna ambayo mgeni hustaajabu jinsi saruji ilivyofikishwa huko. Aghalabu mizigo na watu hufikishwa kwa pikipiki, na kinachopanda hapana budi kishuke.

Katika safari yetu moja ya kukusanya istilahi za mafundi wa vyombo vya moto huko Ilemela, tulisimuliwa kisa ambacho ndicho asili ya makala haya. Dereva mmoja wa bodaboda aliteremka kilima jioni akiwa na abiria na kapu la samaki. Alikuwa ameizima injini ili kuokoa petroli, na mguu wake haukuondoka juu ya breki tangu kileleni. Karibu na mwisho wa mteremko alikanyaga kwa nguvu zake zote, na chombo hakikupunguza mwendo. Waligonga mwamba, na abiria akavunjika mguu. Asubuhi yake pikipiki ilikaguliwa. Gurudumu la nyuma lilizungushwa, breki ikakanyagwa, gurudumu likasimama palepale. Katika fomu pakaandikwa maneno mawili: “Breki nzima.” Kwa hiyo lawama yote ikamwangukia dereva, ambaye mpaka siku tuliyoonana naye alikuwa akirudia kusema, “Wazee wangu, breki ilikataa. Lakini asubuhi ilikuwa imepona.”

Dereva yule hakusema uongo, na mkaguzi naye hakukosea kuhusu alichokiona kwa macho yake. Kilichokosekana baina yao ni istilahi. Katika makala haya tutajaribu kueleza kwa ufupi historia ya breki ya pikipiki, historia ya maneno tuliyonayo kuihusu, na sababu zinazotufanya tupendekeze kwamba jambo lililompata dereva yule lipewe jina lake lenyewe.

Historia ya kitu

Breki haiangamizi mwendo, bali huugeuza kuwa joto. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mwalimu wa ufundi hapana budi kulieleza. Tuchukue pikipiki ambayo, pamoja na dereva na abiria, ina uzito wa kilo 250. Kuisimamisha kutoka mwendo wa kilometa 60 kwa saa huzalisha joto la jouli 35,000 hivi. Pikipiki hiyohiyo ikiteremka kilima chenye kimo cha mita 100 kwa mwendo usiobadilika, kwa kutegemea breki peke yake, joto litakalozalishwa ni jouli 245,000. Yaani, kilima kimoja ni sawa na kuisimamisha pikipiki mara saba kutoka kilometa 60 kwa saa bila kuipa nafasi ya kupoa. Joto hilo lingetosha kuchemsha takribani lita 0.8 za maji ya Ziwa, nalo linaingia katika kipande cha chuma ambacho mtu hukibeba kwa mkono mmoja.

Waliolazimika kulishughulikia tatizo hili mapema ni watu wa miteremko na watu wa mashindano. Huko Derbyshire, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, Herbert Frood alianza kutengeneza nyuso bora za breki kwa ajili ya mikokoteni ya farasi. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia alipoona wenye mikokoteni wakifunga kiatu kikuukuu kwenye breki ili iweze kushika wakati wa kushuka vilima. Mwaka 1902 Louis Renault wa Ufaransa alibuni breki ya ngoma, ambayo ndani yake vipande viwili vilivyopinda husukumwa nje vikasugua ukuta wa ngoma. Mwaka huohuo Frederick Lanchester wa Uingereza alipata hataza ya breki ya diski, lakini wazo lake lilingoja miaka mingi kabla ya kuenea.

Mashindano ya pikipiki ya kisiwa cha Man yalianza mwaka 1907, na tangu mwaka 1911 yakapelekwa kwenye njia ya mlimani. Njia hiyo ina urefu wa kilometa 60 hivi, hupanda mpaka zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka mpaka mjini. Kwa hiyo waendeshaji wa mbio na dereva wetu wa Ilemela walikabiliwa na swali lilelile, ingawa mmoja alikimbilia kikombe na mwingine alikuwa akitafuta riziki.

Kwa muda mrefu jibu la watu wa mbio lilikuwa kuikuza ngoma. Katika miaka ya 1960 pikipiki za mashindano zilikuwa na ngoma pana zenye midomo ya kuvuta upepo, na ndani ya gurudumu moja la mbele viatu vinne badala ya viwili. Hata hivyo ngoma ilikuwa na kasoro ambayo ukubwa haukuiponya. Chuma kikipata joto hutanuka. Ngoma inapotanuka, ukuta wake huvikimbia viatu, na mkono wa breki hulazimika kwenda mbali zaidi ili kuvifikisha. Tena joto lililofungiwa ndani halina pa kutokea.

Diski ilikuwa imekwisha kujionyesha katika magari. Mwaka 1953 Jaguar yenye breki za diski ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans. Diski hukaa nje penye upepo, na ikitanuka kwa joto husogea kuelekea kwenye pedi, wala haizikimbii. Mwaka 1969 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki ya CB750, iliyofanya diski ya mbele inayosukumwa na kimiminika kuwa jambo la kawaida kwa mnunuzi wa kawaida. Mwaka 1988 Wayne Rainey wa Marekani alishinda mbio kuu za Uingereza huko Donington akitumia diski za kaboni. Kaboni ina ajabu yake, kwani ikiwa baridi haishiki vizuri, na hufanya kazi yake barabara baada ya kupata joto la mamia ya nyuzi. Tutalirudia jambo hili, maana linatuonya kwamba joto lenyewe si adui. Adui ni joto linalopita kiasi kinachovumiliwa na mata iliyotumika.

Diski nayo ilileta tatizo jipya, kwa sababu sasa palikuwa na kimiminika. Kimiminika cha breki cha daraja la DOT 3 kikiwa kipya hapana ruhusa kichemke chini ya nyuzi za Selsiasi 205. Lakini kimiminika hiki hufyonza unyevu wa hewa polepole, na kikishafyonza kiasi kilichowekwa na kanuni za upimaji, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Kikichemka huzaa mvuke, na mvuke, tofauti na kimiminika, hushindilika. Mkono wa breki huzama hadi mwisho bila pedi kusukumwa. Kikipoa, mvuke hurudi kuwa kimiminika, na mkono wa breki hurudi kuwa mgumu kama vile hapakuwa na lolote.

Hapo ndipo tunapomwelewa dereva wetu. Breki yake ya nyuma ilikuwa ya ngoma, hivyo kwake yeye si kimiminika kilichochemka. Ni ngoma iliyotanuka na viatu vilivyoungua uso. Lakini tabia ya ugonjwa ni ileile: huja na joto, huondoka na joto, wala hauachi alama ambayo mkaguzi wa asubuhi ataiona kwa kuzungusha gurudumu.

Historia ya neno

Kiswahili hakikuchelewa kulipokea neno la kifaa chenyewe. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi lake la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928. Baiskeli na magari yakaenea. Miaka miwili baada ya reli kufika Mwanza, yaani mwaka 1930, ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya makoloni ya Afrika Mashariki. Neno “breki” tulilipata kwa Waingereza, ingawa Wajerumani waliotangulia walikuwa wametuachia “shule” na “hela”. Halikuhitaji kamati. Liliingia kwa miguu na mikono ya watumiaji, nalo likakaa.

Inapendeza kuona jinsi Kiswahili kilivyoliozesha neno hili la kigeni kwa vitenzi vyake chenyewe. Mwendesha baiskeli hushika breki, dereva wa gari hukanyaga breki, na wote kwa pamoja hufunga breki. Mwendesha pikipiki ndiye pekee anayeshika na kukanyaga kwa wakati mmoja. Breki nzuri husifiwa kwamba inashika, na mbovu hulaumiwa kwamba haishiki. “Pikipiki” yenyewe ni neno lililozaliwa na mlio wa injini, na “bodaboda” lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia katika miaka ya 1960, wakati ule kwa baiskeli. Huku kwetu pikipiki za abiria ziliwekewa kanuni za leseni mwaka 2010, na kwa kanuni hizo neno la mtaani likaanza kuingia katika majalada ya serikali.

Lakini tukifika kwenye maradhi ya breki, umaskini wetu hujitokeza. Katika gereji za Ilemela tulisikia kwamba breki imefeli, imekataa, imekatika, imekwisha, haishiki. Maneno hayo ni hai na yana nguvu, nasi hatuna nia ya kuyafukuza. Kasoro yake ni kwamba yote hutumika kwa mambo yaliyo mbalimbali kabisa. Waya wa breki ukikatika, breki imefeli. Pedi zikilika mpaka chuma, breki imefeli. Breki ikizidiwa na joto kwa dakika tano kisha ikarejea, nayo imefeli. Tarehe 24 Juni, 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni bila kuzuilika mpaka ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Hilo nalo katika mazungumzo ya kila siku huitwa breki kufeli. Neno linalobeba yote hayo haliwezi kumsaidia mkaguzi kujua atafute nini, wala mwalimu kufundisha kinga ya nini.

Watafsiri nao wamejaribu, na hapana budi kusema kwamba si majaribio yote yaliyofaulu. Tumeona kijitabu cha maelezo ya pikipiki ambamo jambo hili limetafsiriwa kuwa breki “kupauka”. Mwanafunzi mmoja wa ufundi alituambia kwamba aliposoma hivyo, alizichunguza pedi zake kama zimebadilika rangi, akaziona nyeusi kama kawaida, akaridhika.

Kadhalika liko suala la “oili ya breki”. Jina hili limeenea sana, nalo lina hatari. Kimiminika kinachotumika katika breki nyingi za pikipiki si jamii ya mafuta ya injini. Mtu akiamini kwamba oili ni oili, akajazia ya injini, vizibo vya mpira vilivyomo ndani huvimba na kuharibika, na breki hupotea kabisa. Hapa kosa la istilahi laweza kumuua mtu asiye na kosa.

Kulipima neno

Tulipokaa kulitafutia jina jambo hili, maneno manne yalipimwa, na ni vema wasomaji wetu wajue sababu za kuyakataa matatu.

La kwanza ni “kulegea”. Ni neno la mafundi, nalo laeleza vizuri mkono wa breki unaozama. Lakini joto linapounguza uso wa pedi, gesi na masizi yake huondoa msuguano huku mkono wa breki ukibaki mgumu kama jiwe. Breki hiyo haikulegea hata kidogo, ila haishiki. Neno laeleza nusu ya jambo.

La pili ni “kuchoka”. Tunakiri kwamba hili lilitupendeza kuliko yote, kwa kuwa lina siri ya jambo lenyewe: aliyechoka akipumzika hurudiwa na nguvu. Hata hivyo “uchovu” hutumika pia kueleza chuma kinachopata nyufa kwa kupindwa mara nyingi, na uchovu wa chuma hauponi kwa kupumzika. Kutumia neno moja kwa mambo mawili yanayopingana katika karakana moja ni kutega mtego.

La tatu ni “kufeli” lenyewe, ambalo tumekwisha kulieleza.

La nne ni “kufifia”. Waliolipinga walisema kwamba nguo ikififia rangi hairudi. Ni kweli. Lakini sauti hufifia na kurudi, na taa ya mafuta hufifia, utambi ukitunzwa mwanga ukarejea. Tena kufifia ni jambo la hatua kwa hatua, linalotoa onyo kabla ya kufika mwisho, na hivyo ndivyo breki inavyofanya. Kwa sababu hizo tunapendekeza “mfifio wa breki”, na fasili yake iwe hii: kupungua kwa nguvu ya breki kwa muda, kutokana na joto lililozidi kiasi kinachovumiliwa na sehemu zake, kunakoondoka breki inapopoa. Maneno “kwa muda” na “lililozidi” yasiachwe. La kwanza humlinda dereva mbele ya mkaguzi, na la pili hukumbuka ile diski ya kaboni inayohitaji joto ili ishike.

Chini ya istilahi hiyo tunapendekeza matawi matatu. “Mfifio wa msuguano” ni ule wa uso wa pedi au kiatu kuungua, mkono wa breki ukiwa mgumu. “Mfifio wa kimiminika” ni ule wa mvuke ndani ya mabomba, mkono ukizama. “Mfifio wa mtanuko” ni ule wa ngoma kuvikimbia viatu, mkono ukienda mbali kuliko kawaida. “Kufeli kwa breki” kubaki kwa ajili ya sehemu iliyovunjika, kukatika, kuvuja au kulika. Na badala ya “oili ya breki” kuandikwe “kimiminika cha breki”, kwani “kimiminika” wanafunzi wetu wamekwisha kukutana nacho katika somo la sayansi.

Faida ya kupambanua

Huenda msomaji akauliza kama matawi yote haya si anasa ya watu wa ofisini. Jibu ni kwamba kila tawi lina dawa yake, na watu wa mbio walizigundua dawa hizo kwa kuyatenganisha maradhi. Kwa mfifio wa msuguano huchagua pedi zilizotengenezwa kwa joto la kazi yao, na pedi mpya huzizoesha joto kidogokidogo kabla ya kuzitegemea. Kwa mfifio wa kimiminika hubadilisha kimiminika mara kwa mara, hutoa upepo katika mabomba, na huweka bati jembamba la titani baina ya pedi na pistoni ili joto lisivuke. Kwa mfifio wa mtanuko waliiacha ngoma. Zaidi ya hayo, wote hufunga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi kisha huiachia ipoe.

Dereva wa Ilemela hana titani, lakini dawa kubwa zaidi anayo bure. Asizime injini wala asiweke nyutro mteremkoni. Aingize gia ndogo ili injini yenyewe izuie mwendo, jambo tunalopendekeza liitwe “breki ya injini”. Atumie breki zote mbili, kwa kufunga na kuachia, asiburute moja kutoka kileleni hadi chini. Akihisi mkono unakwenda mbali au chombo kinasita kutii, asimame mapema ingali inawezekana, asubiri ipoe, wala asiimwagie maji, kwa maana chuma cha moto kikipozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka. Asiyelijua jambo kwa jina hulichukulia dalili yake kuwa ukorofi wa siku moja, na breki ikipona hudhani mambo yamekwisha.

Hitimisho

Tumeona kwamba kifaa kilitujia kwa reli na baiskeli, na neno lake likaingia pamoja nacho. Ujuzi wa udhaifu wake ulikusanywa kwa miaka mingi milimani na katika viwanja vya mbio, lakini haukupata neno kwetu. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu mapendekezo haya mbele ya wanafunzi, na watafsiri wayapime katika vijitabu vyao, kisha watuandikie pale yanapokwama. Kwa watumishi wa serikali wanaotunga fomu za ukaguzi tuna ombi moja dogo: mbele ya swali “Je, breki ni nzima?” liongezwe swali la pili, “Je, palikuwa na dalili za mfifio kabla ya ajali?” Mkaguzi atalazimika kuuliza kuhusu mteremko, mzigo, gia na harufu ya kuungua.

Laiti mstari huo ungekuwapo katika fomu ya dereva tuliyemtaja, huenda asingeondolewa kosa lote, kwa maana injini aliizima mwenyewe. Lakini lingeandikwa kosa alilolitenda, naye angejua ni lipi. Tulipomsomea fasili ya mfifio wa breki alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama tungeweza kumwandikia kwenye karatasi. Tulimwandikia.